Kabla ya bafle ya pili, nyumba ipangwe kwanza

Giza linaposhuka juu ya vilima vya Burungu, upande wa Kitshanga katika teritware ya Masisi, kila nyumba hutafuta habari kwa namna yake. Wengine wana redio ndogo ya mawe. Wengine wana telefoni iliyounganishwa na kibafle cha blutuzi. Na wale waliojaliwa kidogo wana pano juu ya mabati, batri chini ya meza, ampli, na bafle kubwa iliyosimama kwenye pembe ya saloni. Ajabu ni kwamba mara nyingi ni kwa hawa wa mwisho ndiko maneno ya mtangazaji husikika vibaya kuliko kote. Sauti ni kubwa, mabati yanatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, lakini mtu akiulizwa redio imesema nini kuhusu barabara ya Sake, hujibu: «Ngoja, watarudia.»

Dawa inayotajwa mtaani ni ileile siku zote: bafle ya pili. Au ampli yenye nguvu zaidi. Au batri kubwa kuliko ile ya kwanza. Mtu huuza mbuzi, hukopa kwa shemeji, hutuma pesa Goma, na kifaa hupanda mlima juu ya pikipiki kikiwa kimefungwa kamba. Kinapowashwa, makelele huongezeka na maneno hupotea vilevile.

Hayo ni matumizi mabaya ya pesa. Kasoro kubwa haiko ndani ya bafle. Iko ndani ya nyumba: kuta, paa, pembe, na mahali ambapo kiti kimewekwa. Kwa familia ya Masisi inayohesabu kila franka na kila saa ya batri, kupanga chumba lazima kuje kabla ya kununua chombo.

Kufika na kupita si kitu kimoja

Kuna atakayecheka. Watu wanakimbia vita, mashamba yanabaki bila wenyewe, na gazeti linaandika juu ya besi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko hapohapo Burungu.

Januari 2023, wapiganaji wa M23 walipoingia Kitshanga, maelfu ya watu wa eneo hilo walibeba watoto na vyombo na kushika njia. Tangu wakati huo, familia nyingi zimeishi kwa kuondoka na kurudi. Katika hali kama hiyo, habari ya jioni si mapambo. Ni kwa habari hiyo mama huamua kama kesho ataenda sokoni, na baba huamua kama ng'ombe wavushwe bonde au wabaki. Radio Okapi, iliyoanza kutangaza Februari 2002, hutumia Kiswahili kama moja ya lugha zake tano, na redio za wenyeji nazo hutangaza kwa lugha ya watu. Kazi yote ya waandishi hao huishia katika saloni moja ya mita tatu kwa nne. Saloni hiyo ikiharibu neno la mwisho, kazi imeharibika.

Mfano ni maneno «wamefika» na «wamepita». Irabu za maneno hayo ni zilezile. Kinachoyatenganisha ni f na p, k na t, yaani sauti ndogo kali zinazokaa juu, nyingi zikizidi mitetemo 2,000 kwa sekunde. Sauti nzito ya mwanaume anayesoma habari huanzia chini kabisa, karibu mitetemo 85 hadi 180 kwa sekunde. Sasa, sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana: sauti nzito ikizidi nguvu, hufunika zile nyembamba zilizo juu yake. Chumba kinachovuma chini hula herufi. Anayesikiliza husikia kwamba kuna watu wamefanya kitu, lakini hajui kama wamefika kijijini au wamepita zao.

Chumba nacho kina noti zake

Sauti ni hewa inayotetemeka, nayo husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 4,000 ina wimbi la sentimita 8 na nusu tu. Sauti ya mitetemo 40, ambayo ni karibu sawa na uzi mzito kuliko zote wa gita la besi, ina wimbi la mita 8 na nusu. Wimbi hilo ni refu kuliko saloni nyingi za Masisi, na ndiyo maana besi haifuati sheria moja na sauti nyingine. Haiendi moja kwa moja kama mwanga wa toroshi. Hujaza chumba kizima, hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na nafsi yake njiani.

Wimbi likirudi kwa mpangilio unaolingana na upana wa chumba, hujijenga. Katika saloni yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, hilo hutokea karibu na mitetemo 42 na 57 kwa sekunde. Baadaye hurudia juu zaidi, karibu 85 na 113, na hapo tayari ni ndani ya sauti ya mtangazaji. Noti hizo hupata nguvu ambayo mwanamuziki hakuzipa. Chumba chenye pande zilizo sawa, mita 3 kwa 3, ni kibaya zaidi, kwa sababu pande zote mbili hukazia noti moja.

Jambo la pili ni kwamba nguvu hiyo haigawanywi sawasawa. Noti ya kwanza ya chumba hujazana kwenye kuta na pembe, na karibu hutoweka katikati. Ndiyo sababu watu wawili hubishana ndani ya nyumba moja. Aliyeegemea ukuta husema besi imezidi. Aliyekaa katikati husema besi haipo. Wote wanasikiliza bafle moja na wimbo mmoja, na wote wawili wanasema kweli.

Nyumba ya mbao na nyumba ya matofali

Hapa kuna jambo litakalowashangaza wengi. Mtu anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akasakafu saruji na kupiga lipu kuta zote, hutegemea kwamba muziki wake nao utapanda cheo. Mara nyingi hushuka. Ukuta mzito na mgumu hurudisha besi karibu yote ndani, nayo huzunguka kabla ya kufa. Sakafu tupu na kuta tupu hurudisha pia sauti za juu, na neno moja hukanyaga linalofuata. Katika chumba cha namna hiyo, «barabara imefungwa» na «barabara imefunguliwa» zinaweza kufanana kwa mtu aliye jikoni.

Nyumba ya mbao hufanya kinyume. Ubao mwembamba hutetemeka pamoja na besi, hula sehemu yake, na sehemu nyingine huiacha itoke nje. Ndani, maneno husikika vizuri zaidi. Hasara humwangukia jirani. Mbao hazina uzito wa kuzuia sauti nzito, kwa hiyo anayelala ng'ambo ya ukuta hupata dum-dum peke yake, bila wimbo wala habari. Katika kijiji ambacho nyumba zimekaribiana na watu husikiliza usiku kama kuna mlio usio wa kawaida, dum-dum hiyo si utani. Humnyima jirani usingizi, na humnyima pia masikio yake.

Juu ya yote kuna mabati. Bati lililolegea hupiga kelele lenyewe besi inapoligusa. Mvua ya Masisi ikianguka juu yake, mwenye nyumba huongeza sauti, besi huongezeka pamoja nayo, na bati huzidi kulia. Msumari wenye kofia ya mpira, ukigongwa mahali palipolegea, husaidia kuliko wati kumi za ziada.

Vinavyofanyika bila pesa

Kazi ya kwanza ni kuondoa bafle mahali ilipo na kupima. Pembe ya chumba huongeza besi: kila uso mgumu ulio karibu na bafle, iwe sakafu au ukuta, unaweza kuongeza hadi desibeli 6 chini kabisa, hasa katika nyumba ya matofali. Kwa redio ndogo au kibafle cha blutuzi kisicho na besi, hiyo ni zawadi. Kusogezwa karibu na pembe hukipa uzito bila kula batri. Kwa bafle kubwa, zawadi hiyo hugeuka sumu. Yenyewe itolewe pembeni na kuinuliwa kutoka sakafuni, juu ya kiti imara au tofali, hadi midomo yake ilingane na masikio ya waliokaa.

Mafundi wa sauti wana mbinu moja nyepesi ya kutafuta mahali. Bafle huwekwa juu ya kiti ambacho msikilizaji hukalia, wimbo wenye besi huchezwa, kisha mtu huzunguka chumba akiwa ameinama, akisikiliza karibu na kuta. Mahali ambapo besi inasikika sawasawa, bila noti moja kuruka juu ya nyingine, ndipo bafle inapopaswa kuhamia. Kinachosikika huko kutoka kitini ndicho kitakachosikika kitini kutoka huko.

Kazi ya pili ni kiti. Kisikae katikati kabisa ya chumba, na kisigande ukutani. Theluthi moja ya urefu kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha kisogezwe kidogo kidogo.

Kazi ya tatu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote: kusogea. Mtu akipunguza nusu ya umbali kati yake na bafle, sauti inayomfikia moja kwa moja hupanda karibu desibeli 6, na makosa ya chumba hubaki nyuma. Kupata desibeli 6 hizo kwa ampli kunataka nguvu mara nne. Kufanya sauti isikike mara mbili zaidi kwa sikio kunataka nguvu karibu mara kumi. Batri iliyochajiwa na pano moja chini ya mawingu ya Masisi haiwezi mashindano hayo. Familia iliyokaa mita moja na nusu kutoka kwenye redio, sauti ikiwa chini, husikia habari zaidi, huokoa batri kwa ajili ya taa, na haimwamshi mtoto wa jirani.

Alveoli za mayai hazitoshi

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, kuna kosa moja la kuepuka. Vijana wengi wanaotengeneza vyumba vya kurekodia hubandika ukutani alveoli za mayai, au hutundika kitambaa chembamba. Vitu hivyo hupunguza kidogo mwangwi wa juu, ule unaosikika mtu akipiga makofi. Besi huvipita kama haikuviona. Wimbi la mita kadhaa halizuiwi na karatasi ya milimita chache.

Kitu cha kumeza besi lazima kiwe kinene na kikae panapostahili. Godoro zito lililosimamishwa pembeni, likiacha nafasi kidogo kati yake na ukuta, hufanya kazi. Magunia yaliyojazwa nguo kuukuu, yakipangwa kwenye pembe mbili hadi juu, hufanya kazi. Dari la tiripleksi lililopigiliwa chini ya mabati hufanya kazi mbili: ubao huo mwembamba, ukiwa na hewa nyuma yake, hutetemeka na kumeza sehemu ya besi, na pia hupunguza kelele za mvua. Mikeka sakafuni, bulangeti ukutani na rido nzito dirishani husafisha maneno, ingawa haziigusi besi.

Onyo lazima litolewe. Godoro la sponji na magunia ya nguo hushika moto haraka. Nyumba inayotumia mshumaa, koroboi au mbabula isiviweke karibu na moto, hata kama sauti itakuwa tamu kiasi gani.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa ukumbi mpya ambao hakuna aliyeelewa mhadhara ndani yake. Neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5. Hakununua chombo cha kupaza sauti. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga ndani ya ule mbovu, na kupima jinsi mwangwi ulivyopungua kila mito ilipoongezwa. Hesabu aliyoipata kwa mito hiyo bado inatumiwa na wajenzi wa kumbi za muziki. Nyumba nyingi za Masisi hazikosi nguo kuukuu, mikeka wala bulangeti. Kinachokosekana ni desturi ya kuviona kama sehemu ya redio.

Wati za kwenye karatasi

Wauzaji nao wana sehemu yao katika lawama. Kwenye maduka ya bafle huonekana maboksi yaliyoandikwa maelfu ya wati pamoja na herufi PMPO. Hesabu hiyo hupimwa kwa mshituko wa kitambo kifupi sana, wala haina kipimo kimoja ambacho viwanda vyote hufuata. Nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa bila kukoma ni ndogo mno kuliko hiyo, na mnunuzi ana haki ya kuiuliza. Kijana wa Burungu anayelipa kwa kufuata namba ya boksi hununua karatasi.

Vilevile, kibafle chenye mdomo wa sentimita tano hakiwezi kutoa mitetemo 40 kwa nguvu, hata kikiandikwa besi kila upande. Kinachosikika ni noti za juu yake, na akili ya msikilizaji hujaza ile ya chini. Si wizi, lakini anayejua hilo hatauza mbuzi kwa ajili yake.

Hakuna vita na besi

Isifahamike kwamba sauti nzito ni adui. Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa binadamu. Mtu aliyekaa vizuri ndani ya chumba kilichopangwa, akisikiliza rumba ya zamani kwa sauti ya wastani, hugundua kwamba gita la besi halipigi dum-dum. Linaimba. Linapanda, linashuka, linajibizana na magita mengine mawili au matatu. Katika chumba kinachovuma, noti zake kumi na mbili hugeuka kuwa mbili tu, zile za kuta. Watoto wanaokulia humo hudhani hiyo ndiyo besi, na kesho watanunua kinachovuma zaidi.

Wapo watakaosema sherehe ni sherehe, na buvete bila mtikisiko haina wateja. Buvete ina sheria zake. Hoja hii inahusu nyumba, ambamo mzee anataka kusikia majina ya vijiji bila makosa, mgonjwa analala nyuma ya ubao mmoja, na batri ileile inatakiwa kumwangazia mwanafunzi.

Wanaoweza kubadili jambo hili ni mafundi wa redio. Fundi anayeuza au kutengeneza ampli Kitshanga, Mweso au Sake asimalize kazi mezani kwake. Achukue nusu saa kufika kwa mteja, asogeze bafle, ahamishe kiti, agonge bati lililolegea, kisha alipwe kwa ujuzi huo kama anavyolipwa kwa kuunga waya. Shule za ufundi zinazofundisha umeme zinaweza kuongeza somo hilo kwa utepe wa kupimia na redio moja. Na makanisa, ambako waumini hulalamika kwamba hawasikii mahubiri, yangefaa kuangalia kuta zao kabla ya kuchangisha pesa za bafle nyingine.

Kwa mwenye nyumba wa Burungu, jaribio halihitaji fundi. Kabla ya habari za jioni, bafle itolewe pembeni, iinuliwe juu ya kiti, viti vya familia visogezwe karibu, na sauti ipunguzwe hadi mabati yanyamaze. Ikiwa mzee aliyezoea kuuliza «amesema nini?» hatauliza, pesa za bafle ya pili zina kazi nyingine.